Namna ya Kuhifadhi na Kutumia Amari ya Nanga katika Chombo Kidogo: Mwongozo kwa Wavuvi na Wenye Boti wa Tanga

Mashine ikizimika karibu na Kisiwa cha Ulenge siku ya kusi kali, na chombo kikaanza kusukumwa kuelekea miambani, nahodha hana muda wa kuketi na kufumbua kamba iliyojisokota. Kitakachomsaidia ni nanga inayofika chini mara moja na amari, yaani kamba ya nanga, inayoifuata bila kukwama mahali popote. Ndiyo maana mwongozo huu unaipa nafasi kubwa zaidi kazi ambayo mabaharia wengi huifanya harakaharaka jioni wakiwa wamechoka, yaani kuirudisha amari mahali pake baada ya kutumika. Vipimo vinavyotajwa vinahusu vyombo vyenye urefu wa mita 5 hadi 9 hivi, kama vile boti za faiba, mashua ndogo, madau na ngalawa kubwa zinazoonekana kila siku Sahare, Deep Sea, Mwambani, Tongoni na Kigombe.

Kuchagua kamba

Kamba inayofaa zaidi kuwa amari ni ya nailoni. Nailoni huzama, kwa hiyo haielei juu ya maji na kunaswa na pangaboi la chombo kinachopita. Tena hunyumbuka, hivyo wimbi linapokiinua chombo kwa ghafla kamba hurefuka na kuupunguza mshtuko kabla haujaifikia nanga. Nailoni ya nyuzi tatu zilizosokotwa yenye unene wa milimita 10, ikiwa mpya na ya ubora mzuri, hukatikia kwenye mzigo wa karibu tani 2, na ingawa hupoteza sehemu ya kumi au zaidi kidogo ya nguvu hizo inapolowa, kiasi kinachobaki kinatosha kwa boti ya mita 6. Hata hivyo, kwa mtu anayevuta nanga kwa mikono ningependekeza milimita 12. Si kwamba ile nyembamba itakatika, bali kamba nyembamba iliyolowa na kukolea chumvi huukata mkono, na baharia ambaye kiganja kinamuuma huanza kuizungusha kamba mkononi ili apate nguvu, jambo ambalo ni hatari kubwa, kama itakavyoelezwa mbele.

Kamba inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu ni ile ya plastiki ya polipropilini, yenye rangi ya bluu, kijani au manjano. Kamba hii huelea, na jua huila hadi ikaanza kutoa unga na vinyuzi vinavyochoma mikono. Mnunuzi asiyejua anachouziwa aombe kipande kifupi, akitie katika ndoo ya maji na kukizamisha kwa mkono mpaka hewa itoke, kisha akiachie: nailoni itabaki chini na polipropilini itapanda juu. Asiyekuwa na fedha za nailoni anaweza kutumia polipropilini kwa masharti matatu, nayo ni kwamba achague iliyo nene zaidi, aongeze urefu wa mnyororo ili sehemu ya chini ya amari ilale, na akubali kuibadilisha mapema.

Kuhusu kamba ya katani, mtu wa Tanga ana haki ya kuipenda, kwa kuwa mkonge umelimwa katika ukanda huu tangu mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani Richard Hindorf alipouleta. Katani hushikika vizuri mkononi hata ikiwa imelowa. Lakini huoza kuanzia ndani, hasa ikihifadhiwa mbichi, na kwa nje huweza kuonekana nzima siku ileile inayokatika. Katani nyembamba ibaki kwa kazi ndogondogo za kufungia. Amari isiwe yake.

Urefu unaotakiwa

Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa sababu inavutwa ikiwa imelala, kucha zake zikachimba chini. Ikivutwa kuelekea juu hung'oka. Kwa hiyo urefu wa amari inayotolewa ndio unaoamua pembe ya mvuto, na kanuni inayokubalika kwa chombo chenye mnyororo mfupi na kamba ndefu ni kutoa mara 5 ya kina wakati bahari ni shwari, na mara 7 au zaidi upepo unapovuma au mtu anapolala usiku kucha.

Kosa kubwa katika pwani yetu ni kupima kina cha wakati uliopo na kusahau maji yatakayokuja. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hupita mita 3. Tuseme chombo kimetia nanga maji yakiwa makavu, kina kikiwa mita 5. Baada ya saa sita hivi maji yameongezeka kwa mita 3.5, na kutoka usawa wa maji hadi pale kamba inapofungwa omo, yaani mbele ya chombo, kuna nusu mita nyingine. Kina cha kuhesabiwa, basi, ni mita 9. Nahodha aliyezidisha mita 5 mara 5 ametoa mita 25, akidhani amefuata kanuni, kumbe maji yakijaa anabaki na uwiano usiofika mara 3, na nanga inaanza kuburura saa ambayo watu wamelala. Alichotakiwa kutoa ni mita 45 kwa mchana tulivu na mita 63 kwa usiku wa upepo. Anayepima kwa pima, akiihesabu pima moja kuwa mita 1.8, atapata pima 25 na pima 35.

Kutokana na hesabu hiyo, amari ya mita 60 hadi 70 ndiyo kiwango cha chini kwa chombo kinachovua ndani ya miamba, na anayetia nanga penye maji marefu zaidi aongeze. Amari fupi isiungwe kwa mafundo hapa na pale, kwa kuwa kila fundo huipunguzia kamba kati ya theluthi na nusu ya nguvu zake, na kila fundo ni mahali pa kukwama inapotoka.

Kuunganisha nanga, mnyororo na kamba

Kati ya nanga na kamba pawe na mnyororo wa mita 3 hadi 5, wa chuma kilichopakwa zinki, wenye unene wa milimita 6 au 8. Mnyororo huo hufanya kazi mbili: huilaza shingo ya nanga chini, na huizuia kamba isisagwe na mawe na matumbawe. Mvuvi anayefunga kamba moja kwa moja kwenye nanga, akatia nanga karibu na mwamba, anaweza kuipoteza nanga kwa usiku mmoja bila upepo wowote, kwa msuguano wa maji kujaa na kupwa peke yake.

Mnyororo huungwa na nanga kwa pingu ya chuma yenye pini ya skrubu. Pini ikazwe kwa koleo, kisha ipitishwe waya laini katika tundu lake na kufungwa kwenye mwili wa pingu, kwa sababu mtikisiko wa bahari hufungua skrubu yoyote iliyoachwa huru. Upande wa kamba, njia bora ni kusuka kitanzi cha kudumu kwa kurudisha nyuzi za ncha ndani ya msokoto wa kamba, huku ndani yake pakiwa na kipande cha chuma au plastiki ngumu chenye mfereji kinachozuia kamba isisuguane na pingu. Kitanzi kilichosukwa vizuri hupunguza nguvu za kamba kwa asilimia 10 tu hivi, na mafundi wa nyavu wengi wanaweza kukisuka.

Asiyekuwa na fundi afunge fundo la nanga. Pitisha ncha mara mbili katika pete ili upate mizunguko miwili isiyokazwa, zungusha ncha nyuma ya kamba kuu na kuipitisha chini ya mizunguko yote miwili, kaza, ongeza nusu fundo juu yake, kisha ibane ncha inayobaki kwenye kamba kuu kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Ncha ya fundo hili isiachwe ikining'inia.

Mahali pa kuwekea amari

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mazoea ya kuizungusha amari mkononi na kiwiko, kisha kuitupa omo juu ya nyavu, yana ubaya wa aina nne. Kila mzunguko wa kiwiko huitia kamba msokoto wa ziada, na msokoto huo hutoka kama vifundo wakati nanga inazama. Nanga iliyo juu ya nyavu hunasa macho ya wavu. Amari iliyo wazi hupigwa na jua mchana kutwa. Nayo ncha ya mwisho huwa haijafungwa popote, hivyo siku moja amari yote hutoka na kwenda zake.

Njia iliyo rahisi na ya uhakika ni kuwa na chombo maalumu cha amari. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha kwa mita 60 za kamba ya milimita 10. Kwa milimita 12 itafutwe ndoo au pipa la lita 30 hadi 40, au dumu kubwa lililokatwa juu na kulainishwa ukingo kwa msasa ili usiikwaruze kamba. Toboa matundu manane au kumi kitakoni na mengine ubavuni, kwa ajili ya kutoa maji na kupitisha hewa. Kisha toboa tundu moja kubwa zaidi karibu na kitako, linaloweza kupitisha kamba.

Kuijaza ndoo kunaanza na ncha ya mwisho, ile isiyo na nanga. Ipitishe ncha hiyo kutoka ndani kwenda nje kwa lile tundu kubwa, ukiacha nje urefu wa mita moja hivi, nayo ifungwe kwenye taruma, yaani mti wa mbavu za chombo, au mahali pengine imara. Ndoo yenyewe si mahali imara. Mimi napendelea kuifunga ncha hiyo kwa kamba nyembamba ya kati, yenye nguvu za kutosha kuzuia amari isitoroke lakini inayokatika kwa pigo moja la kisu, kwa maana ipo siku ambayo chombo kitalazimika kuiacha nanga na kuondoka.

Baada ya hapo, ilishe kamba ndani ya ndoo kwa mkono, futi kwa futi, ukiiacha iangukie popote inapotaka. Usiizungushe, usiipange kwa duara na usiikandamize kwa mguu. Wengi hawaamini jambo hili mpaka walione: kamba iliyoangukia ovyo ndani ya ndoo hutoka bila fundo, kwa sababu kila sehemu imelala juu ya ile iliyotangulia, na ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Kinachoharibu mpangilio huo ni kuipindua ndoo, kuitikisa ili kamba ishuke, au kuchomoa kamba kutoka katikati. Ndoo iliyopinduka imwagwe yote na kujazwa upya kabla ya safari, hata kama inaonekana salama. Mnyororo huwekwa juu ya kamba, nayo nanga hukaa nje ya ndoo, ikiwa imefungwa ubavuni mwa omo kwa kamba fupi ya kufunguka haraka, ili isiruke wala kumjeruhi mtu chombo kinapopiga mawimbi.

Ndoo ikae omo, mahali penye kivuli, imefungwa isitembee. Ifunikwe kwa gunia la katani ili jua lisipige na hewa iendelee kupita. Kifuniko cha plastiki kinachobana huifungia unyevu ndani. Isikae jirani na dumu la petroli, na kamwe isikae karibu na betri, maana asidi huiharibu nailoni bila kuacha dalili inayoonekana upesi. Chombo kikiwa kimepandishwa pwani kwa matengenezo, ndoo iende nyumbani au stoo, mbali na panya.

Katika dau au ngalawa isiyo na nafasi ya ndoo, kamba inaweza kupangwa kwa umbo la tarakimu nane juu ya ubao wa omo, kuanzia ncha ya mwisho hadi ile ya nanga. Umbo la nane halitii msokoto, kwa kuwa mzunguko wa upande mmoja hufutwa na ule wa upande wa pili. Anayelazimika kuizungusha kwa duara afuate mwelekeo wa mshale wa saa, ambao ndio unaokubaliana na msokoto wa kamba nyingi za nyuzi tatu zinazouzwa, na airuhusu kamba igeuke yenyewe kidogo katika kila mzunguko badala ya kuilazimisha.

Kuweka alama

Amari isiyo na alama humfanya nahodha akisie, na kukisia usiku huishia kwenye upungufu. Tandaza kamba ufukweni, ipime kwa futikamba, na kila baada ya mita 10 chomeka kipande cha kitambaa kigumu au cha ngozi katikati ya nyuzi za kamba, kisha ukishone kwa uzi. Mita 10 kipande kimoja, mita 20 viwili, mita 30 vitatu, na kuendelea. Alama za rangi huonekana vizuri mchana, lakini hufifia, na gizani hazina msaada. Vipande vya kitambaa huhesabika kwa kidole. Visiwe virefu kupita nusu ya kidole, visije vikajifunga.

Kutia nanga

Kabla ya jambo lolote, nahodha aijue sakafu. Ndani ya Ghuba ya Tanga, pembezoni mwa mikoko na karibu na midomo ya mito, chini kuna tope, na tope laini linahitaji nanga yenye bapa pana na amari ndefu zaidi. Kwenye mafungu ya mchanga baura, yaani nanga ya kucha mbili, na nanga za bapa hushika vizuri. Kwenye matumbawe hai nanga isitiwe kabisa: huyavunja, na yenyewe hunasa. Sehemu kubwa ya maji ya kusini mwa mji, pamoja na visiwa vya Toten, Jambe na Karange, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, na kwa anayeshuka hadi Pangani, Kisiwa cha Maziwe ni eneo tengefu tangu mwaka 1975. Humo, palipo na boya la kufungia, lifungiwe hilo; pasipo na boya, utafutwe uwazi wa mchanga, nao huonekana kwa rangi ya maji jua likiwa juu.

Sogeza chombo polepole kuelekea upepo au mkondo unakotoka, kufuata kile chenye nguvu zaidi, ukiangalia vyombo vya jirani vimeelekea wapi. Pita mahali unapotaka chombo kikae, uende mbele kwa urefu wa amari utakayoitoa. Mtu wa omo awe ameshaitoa ndoo kwenye gunia, ameiangalia ncha ya mwisho kama imefungwa, na amesimama au kupiga magoti nyuma ya ndoo, mguu wake ukiwa mbali na kamba. Chombo kisimame kabisa. Nanga ishushwe kwa mkono, mnyororo ukiifuata, mpaka mkono uhisi imegusa chini. Ikitupwa kwa mbali, mnyororo huangukia juu ya kucha na kuzifunga.

Kisha chombo kiachwe kirudi nyuma kwa upepo, au kwa mashine iliyotiwa gia ya nyuma kwa nguvu ndogo, huku kamba ikitolewa kwa kadiri chombo kinavyorudi. Kamba yote isimwagwe kwa pamoja, kwa sababu itarundikana juu ya nanga. Ikifika theluthi moja ya urefu unaotakiwa, izungushe mara moja kwenye gogo la kufungia na kuizuia kwa muda. Omo itageuka kuielekea nanga, dalili kwamba imeanza kuuma. Endelea kutoa hadi alama unayoitaka, funga, kisha ivute kwa mashine kwa nguvu zaidi kwa muda wa nusu dakika. Mkono ukiwekwa juu ya kamba iliyokazwa utajua: nanga iliyoshika huifanya kamba itulie, na nanga inayoburura huitetemesha na kuirushia mkono mishtuko midogomidogo.

Hapo tafuta alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mnazi na paa la nyumba nyuma yake, na mbili nyingine upande wa pembeni. Zikiachana, chombo kinatembea. Zitazamwe tena maji yanapogeuka, na pia usiku upepo wa nchi kavu unapoanza, kwa sababu chombo huzunguka na huweza kuiburuta amari juu ya nanga na kuifungua.

Mambo mawili hayana mjadala. La kwanza, kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni, na mtu asisimame ndani ya duara la kamba. Chombo cha tani moja kinachosukumwa na wimbi hakimsubiri mtu ajinasue. La pili, nanga isifungwe tezi, yaani nyuma ya chombo, katika maji yenye mawimbi. Tezi ndiko kulikobeba mashine, na ukingo wake ni mfupi. Chombo kilichozuiwa hapo hakiinuki wimbi linapokuja, na wimbi huingia ndani. Vyombo vidogo vimezama kwa njia hiyo, mbele ya macho ya watu.

Pale kamba inapopita ukingoni, ivikwe kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu, kifungwe kwa uzi kisihame. Kila saa chache kamba isogezwe shibiri moja ili msuguano usikae mahali pamoja.

Vyombo vinavyoachwa kukauka maji yakipwa, kama ilivyo desturi Kigombe na Tongoni, vinahitaji uangalifu wa pekee. Chombo kinaposhuka kinaweza kukaa juu ya kucha za nanga yake chenyewe, na ubao au faiba hutoboka. Basi nanga ipelekwe mbali kuliko urefu wa chombo, na maji yakishakauka mwenye chombo aende kuzifukia kucha mchangani na kuinyoosha amari kutoka chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo.

Kung'oa nanga

Usivute chombo kwa nguvu za mgongo. Mashine, makasia au tanga likisogeze chombo mbele polepole, na mtu wa omo akusanye kamba inayolegea tu, akiilisha moja kwa moja katika ndoo. Kamba isiachwe ikaelea kuelekea tezi, liliko pangaboi. Ikisimama wima, izungushe kwenye gogo la kufungia na usubiri wimbi moja au mawili. Chombo kinapoinuka ndicho kinachoing'oa nanga. Ikitoka, isukwesukwe ndani ya maji mpaka tope liishe, kwani tope likiingia ndani ya nyuzi hukauka na kuzisaga kutoka ndani.

Nanga iliyonasa haitolewi kwa kuifunga kamba fupi na kusubiri maji yajae. Chombo kidogo kitavutwa omo chini na kujaa maji. Legeza kamba kiasi, uzunguke kwa mbali na kuvuta kutoka upande wa pili. Anayejua kwamba atatia nanga penye mawe aandae mapema: afunge kamba nyembamba kwenye sehemu ya chini ya nanga, zinapokutana kucha, na kwenye ncha ya juu ya kamba hiyo aweke boya dogo, kamba iwe ndefu kuliko kina cha maji makuu. Njia nyingine ni kuufunga mnyororo kwenye sehemu hiyo ya chini, kisha kuubana kwenye pete ya juu kwa uzi wa katani. Nanga ikinasa, mvuto mkali huukata uzi na nanga hutoka kinyumenyume. Njia hii ya pili isitumiwe kwa kulala usiku wala wakati wa upepo mkali.

Kusafisha na kukagua

Amari ikirudi ndani ya ndoo ikiwa imelowa haidhuriki kwa siku moja, mradi maji yanatoka kitakoni. Lakini chumvi ikikauka huacha chembe kali ndani ya msokoto, na kamba hukakamaa kiasi cha kutokubali kulala ndoni. Angalau mara moja kwa mwezi iloweshwe katika maji baridi yasiyo ya chumvi kwa nusu saa, isuuzwe, na kutandazwa kivulini hadi ikauke kabisa. Wakati wa masika, mvua ikifanya kazi hiyo, ndoo iachwe wazi kwa usiku mmoja. Sabuni kali na dawa za kung'arisha nguo zisitumike.

Ukaguzi ufanywe wakati huohuo, kwa vidole zaidi ya macho. Vinyuzi laini vilivyosimama juu ya kamba ni uchakavu wa kawaida, nao huikinga kamba kwa ndani. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni sehemu iliyopungua unene, sehemu ngumu inayong'aa kana kwamba imeyeyuka, uzi mmoja kati ya mitatu uliokatika nusu, au unga unaotoka msokoto unapofunguliwa. Pingu na mnyororo viangaliwe pale vinapogusana. Pete iliyopoteza robo ya unene wake ibadilishwe.

Mita za kwanza karibu na mnyororo huchakaa mapema kuliko nyingine zote. Kila mwaka, kwa mfano katika maleleji, kipindi cha upepo mwanana kati ya misimu, kusi linapokwisha, amari igeuzwe, ncha iliyokuwa kwenye mnyororo iende ndani ya ndoo na ile ya ndani ije kwenye mnyororo, na alama zihesabiwe upya. Ikiwa ncha imechakaa, kata mita zilizoharibika na usuke kitanzi kipya. Amari ikishabaki chini ya mita 60 iwe kamba ya kufungia gatini. Na ile iliyooza au kuliwa na jua ikatwe vipande vifupifupi kabla ya kutupwa, ili asipatikane mtu wa kuiokota na kuifunga tena kwenye nanga.